Somo la Tawi: Nchi Iliyovunja Mabomu Yake Yenyewe



Wenzetu wa pwani ya Kismayu wana haki ya kuuliza kwa nini Kamati ya Elimu imechagua habari za mabomu ya atomiki ziwe somo la kusomwa matawini, ilhali mvuvi wa Koyama hana jarife na hamali wa gatini hajui kama kesho atapata meli ya kupakua. Jibu letu ni hili: mikataba hutiwa saini mbali, lakini huja kuishia pwani. Wabajuni hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland kwa mapatano yaliyofanywa Ulaya. Watu wa Koyama, Chovai na Chula wakaamka wako chini ya dola moja, na jamaa zao wa Faza na Pate wako chini ya dola nyingine. Tangu hapo mtu aliyetweka tanga kwenda kumzuru shangazi yake alikuwa anavuka mpaka wa madola, na hakuna nahodha aliyekuwa ameulizwa.

Somo la safari hii linahusu mkataba mwingine, ambao umeandikwa na Waafrika wenyewe, na ambao unasema juu ya kitu gani kiruhusiwe kuingia bandarini mwetu na kitu gani kisitupwe katika bahari yetu. Jina lake ni Mkataba wa Pelindaba. Haiwezekani kuuelewa bila kwanza kuieleza Afrika Kusini, nchi pekee duniani iliyotengeneza mabomu ya atomiki kwa mikono yake, ikayamiliki, kisha ikayavunja yote.

MANOWARI ZILIZOPITA KWETU

Tuanze karibu. Somalia ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1960. Miezi mitano tu kabla ya hapo, tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki katika jangwa la Sahara, huko Reggane nchini Algeria, na kufikia 1966 ilikuwa imekwisha kulipua mabomu 17 katika ardhi ya Algeria. Ndiyo maana wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Cairo mwezi wa Julai 1964, mmoja wa mikutano yao ya kwanza kabisa, walitoa tamko la kutaka Afrika iwe bara lisilo na silaha za nyuklia. Lilikuwa tamko, si sheria. Ilichukua miaka 32 kuligeuza kuwa mkataba, na sababu kubwa ya kuchelewa ilikuwa utawala wa Makaburu.

Wakati huohuo bahari yetu ilijaa wageni. Baada ya serikali ya Siad Barre kutwaa madaraka mwaka 1969, Warusi walipewa nafasi katika bandari za Somalia, Berbera ikiwa kubwa kuliko zote, na Kismayu pia. Mwezi wa Novemba 1977, vita vya Ogaden vikiendelea, wakafukuzwa. Mwaka 1980 Wamarekani nao wakapata ruhusa ya kutumia bandari na viwanja vya ndege vya Somalia, na mwaka huohuo Kenya iliwaruhusu kuitumia Mombasa. Je, meli hizo zilibeba silaha za nyuklia? Ni desturi ya mataifa makubwa kutokubali wala kukanusha. Basi hamali aliyefunga kamba za manowari hakuwa na njia ya kujua amesimama mita ngapi kutoka kwenye kichwa cha bomu, au kama hakuna bomu kabisa.

Haifai kusema kwamba hakuna aliyepinga. Tarehe 16 Desemba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2832 la kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Jambo hilo lililetwa na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Tanzania ikasimama pamoja nayo. Mataifa makubwa hayakulitii. Tunalitaja hapa kwa kuwa nchi hiyo ya Sri Lanka itarudi tena mbele katika somo hili.

BOMU LA MAKABURU

Afrika Kusini ilikuwa na urani tele, iliyochimbwa na wafanyakazi weusi waliolipwa ujira wa njaa katika migodi ya dhahabu, maana urani ya huko hutoka pamoja na dhahabu. Namibia nayo, iliyokuwa ikikaliwa kwa mabavu, ilikuwa na mgodi mkubwa wa Rössing, ulioanza kazi mwaka 1976. Baraza la Umoja wa Mataifa kuhusu Namibia lilikuwa limekwisha toa Amri yake Namba 1 mwaka 1974, kupiga marufuku uchukuaji wa mali ya nchi hiyo bila idhini yake. Mabepari waliichukua amri hiyo kuwa ni karatasi tu. Lakini wafanyakazi wa bandari ya Liverpool, katika miaka ya 1980, walikataa kuigusa urani ya Namibia, na kwa kitendo hicho karatasi ile ikapata meno kidogo. Tunawaomba viongozi wa makundi wasimame hapa kidogo wakati wa kusoma.

Marekani ndiyo iliyowapa Makaburu mtambo wao wa kwanza wa atomiki, uitwao SAFARI-1, uliowashwa mwaka 1965 katika kituo cha Pelindaba, karibu na Pretoria. Kwa jirani yake wakajenga kiwanda cha siri cha kurutubisha urani na kukiita Valindaba. Majina yote mawili yanatokana na neno la Kibantu, indaba, yaani shauri au mazungumzo. Pelindaba maana yake shauri limekwisha, na Valindaba maana yake mazungumzo yamefungwa.  Makaburu hawakujua kwamba jina la kwanza lingekuja kuwa la mkataba wa Afrika nzima.

Mwaka 1977 walikuwa wamekwisha chimba mashimo mawili marefu katika jangwa la Kalahari kwa ajili ya jaribio. Setilaiti ya Warusi ikayaona, Moscow ikaiambia Washington, na kelele za dunia zikawafanya waache. Tarehe 22 Septemba 1979 setilaiti ya Marekani iliona mwako wa aina ya mlipuko wa nyuklia kusini ya mbali, mahali Bahari ya Hindi inapokutana na Atlantiki. Wataalamu hawajaafikiana mpaka leo ulikuwa wa nani. Kufikia mwaka 1989 Makaburu walikuwa na mabomu sita yaliyokamilika, na la saba likiundwa. Yalikuwa ya aina ile iliyoangushwa Hiroshima.

Habari za siri kama hizi hazikai siri zinapokuwa na wafanyakazi ndani. Mwezi wa Desemba 1982 mabomu manne yalilipuka katika kituo cha umeme wa atomiki cha Koeberg, karibu na Cape Town, kabla mtambo haujatiwa urani. Aliyeyatega alikuwa Rodney Wilkinson, mzungu aliyekuwa akifanya kazi humohumo, kwa niaba ya jeshi la ukombozi la ANC. Hakufa mtu. Kazi ya kituo ikachelewa kwa muda wa miezi mingi.

KWA NINI WALIYAVUNJA

Hapa tunataka wasomaji wawe waangalifu, maana hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba Rais F. W. de Klerk aliongoka ghafla akawa mtu wa amani. Tuyaangalie mambo yalivyofuatana. Desemba 1988 yalitiwa saini mapatano ya New York, ambayo yaliondoa majeshi ya Kuba Angola na kuifungulia Namibia njia ya uhuru. Urusi na Marekani zilikuwa zinamaliza ugomvi wao. Vikwazo vya uchumi viliuma. Ndani ya nchi vyama vya wafanyakazi, hasa tangu COSATU ilipoundwa Desemba 1985, vilikuwa vimeonyesha kwamba viwanda na migodi inaweza kusimamishwa. Bomu halina kazi mbele ya mgomo. Huwezi kulipiga Soweto wala Durban ukabaki na nchi.

Ipo sababu ya pili ambayo wakubwa wa zamani hawapendi kuitamka. Ilikuwa dhahiri kwamba siku moja serikali itashikwa na walio wengi. Waliojenga bomu hawakutaka kuliacha mikononi mwa Waafrika. Sisi tunaona sababu zote mbili zilikuwapo, wala si lazima mtu achague moja.

Hata hivyo kazi yenyewe ilifanywa sawasawa. De Klerk aliamua mwishoni mwa 1989, uvunjaji ukaanza 1990 na kukamilika katikati ya 1991. Tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini ikajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ule uliofunguliwa 1968. Tarehe 24 Machi 1993, miaka karibu miwili baadaye, de Klerk akaliambia bunge kwamba mabomu yalikuwapo na sasa hayapo. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakaruhusiwa kwenda popote watakapo, na yale mashimo ya Kalahari yakazibwa mbele ya macho yao. Kasoro moja yafaa isemwe: nyaraka nyingi za ufundi zilichanwa kabla wakaguzi hawajafika, kwa hiyo ilibidi wahesabu urani kilo kwa kilo ili kujiridhisha.

Jambo jingine dogo, lakini linatuhusu sisi watu wa vyama. Mabomu yalipovunjwa, waliokuwa wakiyatengeneza walipunguzwa kazi. Mwaka 1994 baadhi yao walidai fidia zaidi na kutishia kutoboa siri wasipolipwa. Njia yao ilikuwa mbaya, na hatuisifu. Lakini serikali yoyote itakayofunga kiwanda cha silaha bila kufikiri wale mafundi watakula nini, inauza maarifa yao kwa mnunuzi wa kwanza atakayebisha hodi.

KITI KILICHOPOTEA NA KILICHORUDI

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo: nchi ikishatupa silaha yake, huzungumza na dunia kwa nguvu gani?

Mwaka 1977 Afrika Kusini ilinyang'anywa kiti chake katika bodi ya Shirika la Atomiki, kikapewa Misri, na mwaka 1979 wajumbe wake walikataliwa katika mkutano mkuu wa New Delhi. Baada ya uchaguzi wa 1994 nchi hiyo ikarudi, na waliorudi nayo hawakuwa walewale. Mfano ni Abdul Minty. Huyu alikaa uhamishoni miaka mingi, na akiwa Oslo aliongoza kampeni ya kufichua ni makampuni na serikali zipi zilikuwa zikiwasaidia Makaburu kijeshi na kiatomiki. Mtu huyo aliyekuwa akilitangaza bomu la Makaburu ndiye aliyekuja kuwa mjumbe mkuu wa Afrika Kusini huru katika mambo ya nyuklia. Mwaka 2009 aligombea hata ukuu wa Shirika lenyewe, akashindwa na Yukiya Amano wa Japani.

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Mkataba wa 1968 ulianza kazi mwaka 1970 kwa muda wa miaka 25. Kwa hiyo mwezi wa Aprili na Mei 1995 nchi wanachama zilikutana New York, chini ya uenyekiti wa Jayantha Dhanapala wa Sri Lanka, kuamua uongezwe kwa muda gani. Wanachama wetu wanaojua meza ya mapatano wataelewa mara moja. Mkataba huo una ahadi mbili. Nchi zisizo na bomu zinaahidi kutolitengeneza, na nchi tano zenye bomu zinaahidi kufanya mazungumzo kwa nia njema ili kuyaondoa mabomu yao. Ahadi ya kwanza ina wakaguzi. Ahadi ya pili haina mkaguzi wala tarehe.

Ni kama mkataba wa kazi ambao kuchelewa kwa mfanyakazi kunaandikwa kila asubuhi, na mshahara wa mwajiri unasemwa utalipwa kwa nia njema. Je, chama chenye mkataba wa namna hiyo, muda wake ukiisha, kinafanya nini? Nchi nyingi zisizofungamana na upande wowote zilitaka muda mfupi mfupi unaoweza kurudiwa, ili kila mara wakubwa waulizwe: mmepunguza nini? Tarehe ya kwisha kwa mkataba ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo wanyonge.

Afrika Kusini ilisema vingine. Waziri wake wa mambo ya nje, Alfred Nzo, aliunga mkono mkataba uongezwe milele, lakini pamoja na hati ya misingi na malengo ambayo wakubwa watapimwa kwayo, na vikao vya marejeo vyenye nguvu zaidi. Kauli ya nchi iliyovunja mabomu yake ilikuwa na uzito ambao hakuna nchi nyingine ya Afrika ingekuwa nao, na mwezi wa Mei mkutano ukakubali bila kupiga kura. Wengine katika Ulimwengu wa Tatu walinung'unika kwamba Pretoria imewafanyia kazi Wamarekani.

Kamati yetu imelijadili jambo hili na haikuafikiana kabisa. Upo upande unaosema kwamba mkataba ungeachwa ulegee, nchi jirani kwa jirani zingeanza kuogopana, na maskini ndio wangelipa. Upande mwingine, ambao mwandishi wa somo hili anauelekea, unasema kwamba tarehe ya mwisho ilitolewa kwa bei nafuu mno. Angalieni yaliyofuata: mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ulifunguliwa kutiwa saini mwaka 1996 na mpaka leo haujaanza kutumika, India na Pakistan zililipua mabomu yao mwaka 1998, na nchi tano kubwa bado zina maelfu ya mabomu.

Kwa haki, Afrika Kusini haikukaa kimya baada ya hapo. Mwaka 1998 iliungana na Brazil, Misri, Ireland, Mexico, New Zealand, Slovenia na Sweden kudai ratiba mpya ya kupunguza silaha, na shinikizo hilo likazaa hatua 13 zilizokubaliwa mwaka 2000. Hatua hizo nyingi zimebaki kwenye karatasi. Ilipoonekana hivyo, nchi hiyo ikawa miongoni mwa zile zilizosukuma mkataba mpya kabisa, wa kupiga marufuku silaha za nyuklia kwa wote bila kubagua mkubwa na mdogo. Ulipitishwa tarehe 7 Julai 2017 kwa kura 122, Afrika Kusini ikauridhia Februari 2019, na ukaanza kazi tarehe 22 Januari 2021. Nchi zenye mabomu zimeususia. Inaonekana Pretoria yenyewe ilijifunza kwamba nia njema haitoshi.

Wala haikukubali kuwa mtoto mwema wa kila mtu. Urani iliyotolewa ndani ya mabomu haikupelekwa Marekani ijapokuwa Washington iliiomba. Ilibaki Pelindaba, nayo ilitumika kutengeneza dawa za mionzi zinazopelekwa mahospitalini kuchunguzia saratani na maradhi ya moyo. Mtambo wa SAFARI-1 ulibadilishwa mwaka 2009 utumie urani isiyofaa kwa bomu. Ilipofika kesi ya Iran katika bodi ya Shirika, mwaka 2005 na 2006, Afrika Kusini haikupiga kura upande wowote, ikisema haki ya kutumia atomiki kwa amani si ya matajiri peke yao. Hoja hiyo tunaikubali. Lakini urani ya bomu ni mali ya hatari hata mikononi mwa mtu mwaminifu: Novemba 2007 watu wenye silaha walivunja uzio wa Pelindaba usiku, wakaingia mpaka chumba cha usimamizi na kumpiga risasi mfanyakazi mmoja.

Wanachama watauliza juu ya wengine waliotupa silaha. Libya iliacha mpango wake Desemba 2003, na Gaddafi akauawa Oktoba 2011 baada ya ndege za NATO kuingia vitani. Ukraine iliyatoa mabomu iliyorithi kutoka Urusi ya zamani kwa ahadi za Budapest za 1994, na ikavamiwa 2014 na 2022. Watu wengi hutoa mifano hiyo kuonyesha kwamba aliyetupa bomu ni mjinga. Sisi tunaona tofauti moja kubwa. Afrika Kusini iliyatupa wakati ilipokuwa ikifanya amani na majirani zake na na watu wake yenyewe, kwa hiyo haikuhitaji mtu wa mbali ailinde.

MKATABA WENYEWE

Makaburu walipoondoka, kizuizi cha miaka 30 kiliondoka nao. Tanzania na Zambia, zilizokuwa zimekataa kwa muda mrefu kujiunga na mkataba wa 1968, zilijiunga mwaka huohuo wa 1991 pamoja na Afrika Kusini. Wataalamu wa Afrika wakamalizia rasimu mwaka 1995, na tarehe 11 Aprili 1996 Mkataba wa Pelindaba ukatiwa saini Cairo. Siku ile Somalia haikuwa na serikali ya kukaa mezani. Kismayu ilikuwa ikipita kutoka mkono wa mbabe wa vita huyu kwenda wa yule, na Wabajuni wengi waliofukuzwa visiwani mwao walikuwa wakimbizi Mombasa na Lamu. Mkataba ulianza kuwa sheria tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Tume ya kuusimamia ina makao yake Pretoria.

Vifungu vya kukumbuka ni vichache. Kifungu cha 6 kinaitaka nchi yoyote iliyokuwa na bomu ilitangaze na kulivunja mbele ya wakaguzi. Hicho kiliandikwa kwa kalamu ya Afrika Kusini, na ndicho kinachoufanya mkataba huu kuwa tofauti na mikataba ya namna hii ya Amerika ya Kusini na Pasifiki. Kifungu cha 4 kinakataza kuweka bomu la mtu yeyote katika ardhi ya mwanachama. Lakini kifungu hichohicho kinaiachia kila serikali iamue yenyewe kama manowari za kigeni ziruhusiwe kutia nanga. Hapo pana tundu. Bomu haliruhusiwi kuhifadhiwa ghalani, lakini linaweza kupita gatini likiwa ndani ya meli ya mgeni, mwenye nchi akiridhia au akifumba macho.

Tundu la pili liko zaidi ya kilomita 3,000 mashariki ya Kismayu, katika kisiwa cha Diego Garcia. Kati ya 1968 na 1973 Waingereza waliwaondoa wenyeji wa visiwa vya Chagos, wafanyakazi wa mashamba ya minazi na familia zao, na Wamarekani wakapata kambi. Ramani ya Mkataba wa Pelindaba inavionyesha visiwa hivyo ndani ya eneo, lakini kwa maneno kwamba suala la mwenyewe ni nani halijaamuliwa, na London na Washington zikasema mkataba hauwahusu hapo. Mahakama ya Kimataifa ilitoa rai mwaka 2019 kwamba Uingereza inapaswa kuondoka, na tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini makubaliano ya kuirudishia Mauritius mamlaka huku kambi ikiendelea kukodishwa kwa miaka 99. Mauritius ni mwanachama wa Pelindaba. Miezi michache kabla ya saini hiyo, ndege za Marekani za B-2, zilizotengenezwa ziweze kubeba mabomu ya nyuklia, zilikuwa zimepangwa mstari katika uwanja wa kisiwa hicho.

TAKA

Kifungu cha 7 ndicho kilichotufanya tuandike somo hili. Kinawakataza wanachama kusaidia au kuhimiza utupaji wa taka zenye mionzi mahali popote katika eneo, na kinawataka watekeleze Mkataba wa Bamako wa 1991 unaozuia taka za sumu kuingizwa Afrika. Bamako ilitokana na aibu ya bandari ndogo ya Koko, Nigeria, ambako mwaka 1988 ziligunduliwa maelfu ya tani za taka kutoka Italia zimerundikwa uani kwa mtu, na wafanyakazi waliotumwa kuzifunga upya wakaungua.

Pwani ya Somalia imesemwa sana katika habari hii tangu serikali ilipoanguka mwaka 1991. Mwandishi wa Italia Ilaria Alpi, aliyekuwa akifuatilia biashara ya silaha na taka, aliuawa Mogadishu pamoja na mpiga picha wake Miran Hrovatin tarehe 20 Machi 1994. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoipiga hasa Hafun, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2005 juu ya madai ya makasha ya taka, zikiwamo za mionzi, yaliyopasuliwa na mawimbi. Madai hayo ya mionzi hayajathibitishwa kwa vipimo. Tunayasema hivi kwa makusudi, kwa sababu mvuvi anayeuza samaki wake Kismayu anaumizwa mara mbili: taka zikiwapo, na uvumi wa taka ukienea bila mtu kuleta chombo cha kupimia. Kudai kipimo ni haki yake.

Na mtu asidhani kwamba kifungu peke yake kitazuia shehena. Februari 2012 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku makaa ya Somalia kusafirishwa nje. Makaa yaliendelea kutoka Kismayu miaka kadhaa, yakishuka katika bandari za Ghuba kwa vyeti vilivyosema yametoka nchi nyingine. Kama gunia la makaa, ambalo kila mtu analijua kwa macho na kwa harufu, lilibadilishwa uraia kwa karatasi, kasha lililofungwa lakiri litashindwa?

Waliofaulu kuzuia walikuwa watu wa kazi yetu. Uingereza ilikuwa ikitupa taka zenye mionzi katika bahari ya Atlantiki tangu 1949. Mwaka 1983 chama cha mabaharia cha nchi hiyo, pamoja na vyama vya reli na uchukuzi, kilikataa kuzipeleka. Meli haikung'oa nanga. Mwaka huohuo mataifa ya mkataba wa London yalikuwa yamepiga kura ya kusimamisha utupaji, serikali ya London ikawa inataka kuendelea bila kujali. Mabaharia ndio waliotekeleza kura hiyo. Marufuku kamili ilikuja mwaka 1993. Na Aprili 2008 wafanyakazi wa bandari ya Durban walikataa kuteremsha silaha zilizoletwa na meli ya Kichina An Yue Jiang kwa ajili ya Zimbabwe, ijapokuwa serikali yao wenyewe ilikuwa tayari kuziruhusu. Serikali hiyo ndiyo hiyohiyo tuliyoisifu hapo juu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Viongozi wa makundi wasikimbilie majibu. Kama mngekuwa New York mwaka 1995, mngekubali mkataba usio na tarehe ya mwisho, na kwa masharti gani? Kifungu cha 4 kinaiachia serikali iamue juu ya manowari: je, wafanyakazi wa gatini waulizwe, na waulizwe na nani mahali ambapo mamlaka ya mji na mamlaka ya nchi hayaelewani? Nani katika tawi lenu amewahi kuonyeshwa orodha ya shehena kabla ya kufungua kasha, na je, imeandikwa kwa lugha anayoisoma? Wenzetu wa visiwani wajadili pia jambo hili: mawimbi yakileta pipa lisilojulikana ufukweni pa Chula wakati wa kusi, likiwa halina jina wala nembo, ni nani wa kwanza kuambiwa, watoto wawekwe mbali hatua ngapi, na nani akae zamu mpaka mpimaji afike?